Sadoki na Udongo Unaokula Oili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Umande bado umejaa kwenye majani ya migomba, na Sadoki Kaaya amekwisha kupiga magoti mara tatu. Hasali. Ananusa udongo.

Anachota konzi moja, anaifinya, anaipeleka puani, anavuta pumzi kwa nguvu. Anaitupa. Anahamia lundo la pili, kisha la tatu. Anarudi la kwanza. Chai yake imepoa juu ya jiwe na inzi mmoja amekwisha kuogelea humo, naye hana habari.

"Baba Penina, kaa chini unywe chai," mkewe, Tabea, anamwita kutoka mlango wa jikoni.

"Nakaa."

Hakai. Mwandishi wa habari hizi alipanda kutoka Usa River kwa miguu, magoti yakilia, akitaraji kwamba mwenyeji wake atamkaribisha kwenye kigoda wazungumze kama watu. Thubutu! Kuzungumza na Sadoki ni kumfuata nyuma nyuma kati ya migomba huku ukiandika ukitembea.

"Malundo yakoje leo?" Tabea anauliza.

"La kwanza zuri. La pili zuri."

"Na la tatu?"

"La tatu ni la tatu," anajibu, na kuanza kuufuta mkono kwenye suruali.

Leo ni Jumamosi, siku ya kusafisha mfereji. Kila mwaka mwezi wa Januari, kabla ya jua kali, watu wote wanaotumia mfereji huu wa mtelemko wa Nkoaranga hutoka na majembe, wanazibua, wanakwangua tope, halafu wazee wanagawa upya zamu za maji. Asiyekuja hutozwa mbuzi. Sadoki atakuja, hilo halina shaka. Swali ni kama ataondoka na zamu yake, maana tangu Agosti hana zamu.

Kisa chenyewe kilianza kwa mchwa.

Sadoki ana miaka thelathini na minne. Ni fundi msaidizi katika gereji moja ya malori mjini Arusha, mshahara shilingi tisini na tano kwa mwezi, na kazi yake kubwa ni kulala chini ya magari na kumwaga oili chafu. Siku za kazi hulala katika chumba cha kupanga mjini. Jumatano jioni na Jumamosi hudandia lori hadi Usa River, kisha hupanda mlima kwa miguu kurudi kwenye kihamba chake, shamba la kahawa na migomba aliloachiwa na baba yake.

Mwaka jana alitaka kujenga banda jipya la ng'ombe. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba nguzo isiyopakwa oili chafu huliwa na mchwa kabla ng'ombe hajazoea banda. Gereji ikampa pipa lililojaa nusu, bure. Watu wa busara humimina oili kwenye madebe na kuipandisha kichwani, debe moja moja. Safari nne au tano.

"Mimi nilikuwa na haraka," Sadoki anasema, na hapo anasimama kidogo, mara ya kwanza asubuhi hii. "Nikasema, madebe ya nini? Nitalivingirisha."

Akalivingirisha. Alilisukuma mtelemko mzima, jasho likimtoka, watu wakimcheka na kumwambia, "Sadoki, pumzika bwana!" Njia inapopita juu ya bwawa la mfereji, pale maji yanapokusanywa usiku ili yagawiwe asubuhi, akataka kubadilisha mkono. Pipa halikumngoja. Likateleza, likapiga jiwe, kizibo kikaruka, likatumbukia bwawani na oili yote.

"Nilisimama pale juu nikatazama maji yakiwa meusi. Nilitamani ardhi inimeze mimi na pipa lenyewe."

Maji hayangojei mtu atubu. Kulipokucha, ndama wa Marta, jirani yake wa chini, mama mjane anayelima peke yake, alikunywa kwenye mfereji. Akaharisha siku nne, akafa. Alikuwa ndama jike, wa kwanza wa ng'ombe wake wa kwanza. Marta aliacha kumsalimu Sadoki siku hiyo hiyo, na kwa watu wa mtelemko mmoja, wanaokutana njiani mara kumi kwa siku, kunyimwa salamu ni adhabu isiyopungua.

Wazee wakakaa. Mkuu wa mfereji, mzee Aminieli, ndiye aliyetoa hukumu, na hata leo anaieleza bila kupandisha sauti. "Maji ya juu tuliyaachia yakaenda zake, wiki mbili hatukumwagilia. Lakini oili ilikuwa imeingia kwenye tope la chini ya bwawa. Tukamwambia, tope hilo litoe lote. Na usilitupe korongoni, maana korongoni chini kuna watu na wao wanakunywa. Kaa nalo kwako."

Sadoki na Tabea wakatoa tope. Vikapu mia mbili na arobaini; Tabea alivihesabu kwa sababu ndiye aliyebeba vingi. Wakavimwaga kwenye kiwanja karibu na banda, malundo matatu meusi yanayonuka gereji.

Ndipo ikaja sehemu iliyouma. Kihamba cha Sadoki kiko juu ya vihamba vya wenzake, na maji yakizidi kwake hutiririka kurudi mferejini. Wazee wakasema, maadamu malundo yana oili, hakuna tone la mfereji litakaloingia kwake. Wakampa hadi siku ya usafi wa Januari. Tope likiwa safi, atarudishiwa zamu. Likiwa chafu, angoje mwaka mwingine.

Na kwenye kitalu chake kuna miche ya kahawa mia tatu na kumi na miwili. Baba yake alikufa akiwa na mikahawa mizee iliyochoka, na Sadoki amekwisha kuing'oa nusu. Miche hii isipovuka Januari na Februari, jua litaichoma, na kihamba kitabaki kiwanja.

"Bila maji hapa sina shamba, nina anwani tu," anasema huku akitembea.

Sasa, mtu mwingine angekaa akalia. Sadoki hana kipaji cha kukaa. Alirudi kazini akiwa amevurugika kichwa, na akiwa chini ya lori akaanza kufikiria uwanja wa nyuma wa gereji. Kwa miaka mingi oili humwagwa sehemu mbili pale nyuma. Sehemu moja ni nyeusi, ngumu, haioti hata gugu. Nyingine, ambapo zamani maksai wa mikokoteni walifungwa wakingoja mizigo, imeota majani mpaka magotini.

"Oili ni ile ile, mmwagaji ni mimi mwenyewe," anasema. "Nikajiuliza, hapa pamezidi nini? Pamezidi mavi ya ng'ombe!"

Akaanza kuchanganya samadi kwenye malundo, na majivu, na migomba iliyokatwakatwa. Majirani wakasema sasa amepata wazimu kamili. Samadi ya ng'ombe wake mmoja haikutosha, akaenda nyumba kwa nyumba na kikapu. Kwa Marta alijibiwa kupitia mlango uliofungwa: "Mavi ya ng'ombe wangu hayaziki dhambi zako."

Mwezi mzima hapakubadilika kitu. Alikuwa ameyashindilia malundo, akayamwagia maji na kuyafunika vizuri kama mtu anayevundika ndizi. Yakaoza yakanuka vibaya zaidi. Tabea anakiri kwamba wiki ile alifunga mizigo yake, akaifungua, akaifunga tena.

Aliyemkwamua ni Lesikar, kijana Mwarusha wa Olmotonyi, msaidizi katika maabara ya mifugo mjini. Alileta gari la maabara gerejini kutengenezwa breki, akamkuta Sadoki ananusa udongo ndani ya kopo la jamu. Kila mtu Arusha ana kopo la kitu fulani, lakini si kila mtu analinusa. Lesikar akaliomba, akaenda nalo kazini, akatia tone la maji yake chini ya hadubini.

Mwandishi alimtafuta Lesikar mjini wiki iliyopita. Ni mcheshi, na anaongea haraka karibu kama Sadoki.

"Nikaona vijidudu vimejaa, vinahangaika kama watoto wa shule waliofunguliwa mlango," alisema. "Hawaonekani kwa macho matupu. Wazungu wanawaita bakteria. Wengine wanatuletea maradhi, hao ndio tunaowatafuta kila siku kwenye damu ya ng'ombe. Lakini wako wengine wanaokula vitu ambavyo wewe na mimi hatuwezi kula, na mafuta yamo."

Alikuwa amesoma habari zao katika jarida la kisayansi la mkubwa wake. Iliandikwa humo kwamba katika bandari ambako meli humwaga mafuta, ndani ya tope la chini ya bahari, vijidudu hao wapo na wanayala mafuta pole pole. Juu ya tope, penye hewa, wanakula vizuri. Mafuta yakizama ndani sana pasipo hewa, wanashindwa, na yanakaa miaka na miaka.

"Bahari yenyewe sijaiona," Lesikar alisema, akicheka. "Lakini nikamwambia Sadoki, kama tope la bahari lina wadudu wake, tope la Meru limekosa nini? Wadudu unao. Samadi ni mboga yao, inawapa nguvu. Unachowanyima ni pumzi. Fukua, geuza, waache wapumue!"

Basi akageuza. Jumatano na Jumamosi, na siku ambazo yuko mjini Tabea akageuza, kwa jembe, kuanzia Septemba. Mvua za vuli zilinyesha kwenye miche, zikawapumzisha kubeba maji kichwani kutoka mtoni. Harufu ya gereji ikaanza kupungua. Rangi ikatoka nyeusi ya kung'aa ikawa ya kahawia. Mwezi wa Desemba gugu moja likaota juu ya lundo la kwanza, na Sadoki, anayeng'oa magugu tangu azaliwe, akaliwekea uzio wa vijiti.

Saa tatu asubuhi watu wameteremka kutoka mferejini, matope magotini, wakasimama kuzunguka malundo. Wako kama arobaini. Marta amesimama nyuma kabisa, amefunga mikono kifuani.

Wanaume wanatoa shikamoo, mzee Aminieli anaitikia marahaba bila kuwatazama, macho yakiwa kwenye karai jeupe alilokuja nalo. Kipimo kilikubaliwa tangu Agosti na ni rahisi: konzi ya udongo, maji ya moto, koroga, kisha ngoja muda wa mzee kunusa ugoro mara mbili. Ukitanda juu ya maji utando wa rangi rangi, oili ipo.

Lundo la kwanza. Mzee anachota, anakoroga, ananusa ugoro. Maji yana rangi ya chai. Hakuna utando.

Lundo la pili, hivyo hivyo. Watu wanaanza kunong'ona. Bwana mmoja aliyemwita Sadoki mwendawazimu mwezi wa Oktoba sasa anamweleza jirani yake jinsi wadudu wanavyofanya kazi, kana kwamba amewafuga yeye.

Lundo la tatu. Mzee Aminieli ni mtu wa umri wa babu, mgongo unamsumbua, hainami sana. Anachota konzi kutoka juu. Anakoroga. Ugoro mara moja. Ugoro mara mbili. Anainamisha karai kwenye jua ili kila mtu aone.

Safi.

"Mwanangu Sadoki," mzee anasema, "mimi utando sikuuona. Nani ameuona?"

Hakuna aliyeuona. Tabea ameziba mdomo kwa khanga. Mtu anapiga kigelegele kifupi. Imekwisha, zamu imerudi, miche imepona, mwandishi amekwisha kutafuta mahali pa kufunga daftari.

Sadoki hatulii. Anahamisha mguu, anautazama mkono wake, anawatazama watu wa chini yake, mmoja mmoja, mpaka anafika kwa Marta. Halafu anapiga magoti mbele ya lundo la tatu na kuutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani. Anautoa. Mkono ni mweusi na unang'aa. Bonge alilolishika anaenda kulitia mwenyewe ndani ya karai.

Utando unatanda mara moja, buluu na zambarau na dhahabu, ukingo hadi ukingo.

"Hili nililijenga kwa haraka," anasema. "Nililirundika juu ya mawe, likawa refu, jembe halifiki chini. Chini hakuna hewa. Nililinusa asubuhi nikajua."

Tabea analipuka. "Sadoki! Walikwisha kusema safi! Mdomo wako ungepungukiwa nini kwa kufungwa?" Machozi yanamtoka na hayafuti. "Miche mia tatu, Baba Penina! Nitaibebea maji kwa shingo gani?"

Mwandishi amekutana na mashujaa wengi wa magazetini, na anakiri kwamba hapo alitamani kumtikisa yule bwana kwa mabega.

Mzee Aminieli anaumwaga ule uchafu kwenye jani la mgomba, analikunja kwa uangalifu ili usidondoke. Hukumu ni hukumu: mfereji hautaingia kwa Sadoki mpaka lundo la tatu liwe safi hadi chini. Anasema hivyo kwa sauti ndogo, na haonekani kufurahia.

"Ndiyo, mzee," Sadoki anaitikia.

Alasiri ile ile anaanza kulibomoa lundo. Anaondoa mawe, anatandaza tope kwenye matuta mafupi yasiyozidi goti, anachanganya samadi iliyobaki, nayo haitoshi hata nusu. Tabea hasemi naye. Lakini jembe la pili limo mikononi mwake.

Jumapili asubuhi kengele ya kanisa imelia mara ya kwanza. Sadoki amevaa shati jeupe, mkono wa kulia bado una weusi usiotoka kwa sabuni, na badala ya kwenda anazunguka matuta yake. Kwenye kitalu, majani ya miche ya mwisho mwisho yameanza kulegea.

Marta anatokea njiani na nguo za kanisani, kichwani ana kikapu kilichofunikwa kwa majani. Anapita kando ya Sadoki bila kumtazama, anakishusha, anakimwaga kwenye tuta la kwanza. Ni samadi, mbichi, ya leo asubuhi.

"Shikamoo, mama," Sadoki anasema. Amesema hivyo kila siku kwa miezi mitano bila kujibiwa.

"Sikuja kusalimiana. Nimekuja kuwalisha hao wadudu wako." Anakung'uta kikapu. "Wanakula kweli, au unatudanganya?"

"Wanakula, mama. Ni pole pole."

"Mimi nilimpoteza ndama wangu."

"Najua, mama. Sijasahau hata siku moja."

"Jana ungenyamaza, mafuta hayo yangenifikia tena mimi wa kwanza, na nisingejua yametoka wapi." Anajitwisha kikapu kitupu. Anakwenda hatua nne, tano, kisha anasema bila kugeuka: "Zamu yangu ni Alhamisi, jogoo wa kwanza hadi jua kutoka. Usifungue mfereji uingie kwako, wazee wamekataza. Lakini maji yakishafika kwangu ni yangu. Njooni na madebe, mchote mnavyoweza. Mtu anayejishtaki mwenyewe hataniibia."

"Mama..."

"Na uuoshe huo mkono, unakwenda kanisani. Marahaba."

Anateremka. Sadoki anabaki amesimama, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu mwandishi amfahamu, hakuna sehemu ya mwili wake inayotikisika.

Baadaye, wanaposhuka kwenda ibadani, anaeleza mpango wake kwa pumzi moja. Matuta atayageuza mara tatu kwa wiki badala ya mbili. Lesikar ameahidi kuyapima kwa hadubini kila mwezi. Masika yakianza atamwita mzee Aminieli na karai lake, na safari hii atamchimbia yeye mwenyewe mpaka kwenye mwamba. Tope likiwa safi hatalitupa. Atapandia miche humo. Na gerejini amekwisha kumwambia msimamizi kwamba samadi itandazwe kwenye ule uwanja mweusi wa nyuma. Msimamizi alicheka. Atamwambia tena Jumatatu.

"Na madebe?" mwandishi anauliza. "Mia tatu na kumi na miwili ni miche mingi."

"Tunayo mawili. Tutaazima."

Baada ya ibada nyumba imetulia, uji uko mezani, na Alhamisi iko mbali, siku nne nzima. Nyuma ya jikoni kunasikika sauti ya bati. Tabea, bado na gauni lake la kanisani, ameteremsha debe kutoka darini, amechuchumaa, analisugua kwa majivu ndani na nje.

"Mama Penina," Sadoki anamwita, "kaa chini kwanza ule."

"Nakaa," anajibu.

Hakai. Amekwisha kulichukua debe la pili.